Makabidhiano ya Sebuleni

Barua iliyoniteua ilikuwa na mistari minne, na mmoja ulikuwa wa salamu. Ilisema kwamba kuanzia siku ile mimi ni kaimu mkuu wa Shule ya Biashara ya chuo kikuu chetu, hadi hapo itakapoamuliwa vingine. Hapa Lubumbashi mkuu wa shule ya namna hiyo anaitwa Doyen, hata mitaani, na anayemkaimu huongezewa herufi mbili nyuma ya cheo, a.i., ambazo watu huziandika ndogo sana, kama zinaona haya kuonekana. Karani wa rekta, mkuu wa chuo kizima, alinipa barua tukiwa tumesimama mlangoni, akanionyesha pa kutia saini kwenye daftari lake, akasema "Félicitations, Mama," yaani hongera, kisha akarudi kwenye simu aliyokuwa ameiacha wazi.

Sikufurahi. Nalisema hili mapema kwa sababu mjini kwetu watu wanaamini kwamba kila aliyeteuliwa alikuwa amefunga na kusali siku nyingi akikiombea kiti. Mimi nilikuwa naibu wa Doyen, nikishughulikia utafiti, na ofisi yangu ilikuwa chumba ambacho zamani kiliwekwa mafagio. Kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa nafundisha nadharia za uongozi bila kuongoza kitu chochote isipokuwa watoto wangu wanne, na hao wenyewe hawakuongozeka. Nilipenda hivyo. Hasira zangu ziko karibu na ulimi wangu hauna breki, na nilijua kabisa kwamba mtu kama mimi hafai kukaa mahali ambapo watu wanakuja kutwa nzima kulalamika.

Lakini hasira zangu hazikuwa shida kubwa. Shida kubwa ilikuwa kwamba Doyen mwenyewe alikuwa hai, amekaa nyumbani kwake, na hakuna aliyemwambia.

Alianguka siku ya mwisho ya délibération, kile kikao ambacho walimu wote hujifungia kupitia alama za wanafunzi mmoja mmoja na kuamua nani amefaulu. Alikuwa ameshika kalamu. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kuume, mkono na mguu, na mdomo ukaenda upande. Baada ya majuma mawili hospitalini alirudishwa nyumbani apumzike. Orodha za waliofaulu zilikuwa tayari, zimesainiwa na walimu wote, zimefungiwa ndani ya kabati lake. Kilichobaki kilikuwa muhuri, ambao sisi tunauita kashe. Bila kashe ya Doyen orodha haiwezi kubandikwa kwenye valves, yaani ule ubao wa matangazo wa ukumbi wa chini, na mwanafunzi ambaye jina lake halijaonekana kwenye valves bado ni mwanafunzi, hata kama ana mvi. Kashe ilikuwa ndani ya mkoba wa ngozi wa Doyen, pamoja na ufunguo wa kabati, na mkoba ulikuwa nyumbani kwake.

Mzee huyo alikuwa zaidi ya mkuu wangu. Alinifundisha nilipokuwa msichana, akanichukua kuwa msaidizi wake, akasimamia tasnifu yangu. Alinitengeneza, kwa kunikaripia zaidi kuliko kunisifu, na hata leo siwezi kumwita jina lingine isipokuwa Prof. Mwaka wangu wa kwanza wa usaidizi alinipa maktaba ndogo ya shule niitunze. Aliyenitangulia alinikabidhi orodha ya vitabu, nikaisaini palepale, nimeona fahari kupewa funguo. Kesho yake Prof alinipeleka ndani, akaniambia nihesabu. Kamusi sita hazikuwepo. Hakunifokea. Aliichana ile karatasi vipande viwili, akanipa vyote viwili mkononi.

"Usisinye kintu haukuona na macho yako," aliniambia. "Kama iko, andika iko. Kama haiko, andika haiko. Njo kazi yote."

Nilihesabu vitabu upya kwa siku tatu, nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

Alikuwa hivyo kwa kila kitu, na zaidi kwa makabidhiano. Kwetu mtu hachukui ofisi hivihivi kwa sababu ana barua. Barua inakupa cheo, lakini ofisi unapewa na mtu aliyekuwa ndani yake. Mnakaa anayetoka na anayeingia, mbele ya shahidi, mnasoma orodha ya kila kilichomo: makabati, funguo, mafaili, mapazia, hata birika. Tunaita remise et reprise. Anayetoka anataja, anayeingia anatazama, wote wawili wanatia saini, kashe inapigwa. Asiyefanyiwa hivyo anabaki kama mpangaji ambaye mwenye nyumba hamjui. Na katika kupiga kashe Prof alikuwa na desturi yake: huupulizia muhuri pumzi ya moto mara mbili kabla ya kuukandamiza kwenye karatasi, polepole, macho yamefumba. Wanafunzi walimwigiza kwenye sherehe zao, naye akijua, akijifanya hajui.

Katibu mkuu wa chuo aliliona jambo lote kuwa jepesi. "Mufanye bila yeye," aliniambia. "Muandike kwamba hakuweza kufika, muendelee." Nilimjibu kwamba nitafikiri. Alishangaa kwamba kuna kitu cha kufikiri.

Kilichonifanya nifikiri nilikuwa nimekutana nacho kwenye ngazi. Wazazi wa Prof walitoka Kasai, ingawa yeye alizaliwa hapahapa. Baba yangu alitoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi ya reli. Kwa miaka yote hiyo jambo hilo lilikuwa la kutaniana tu: yeye akisema watu wetu wanameza bukari, yaani ugali, bila kutafuna, mimi nikimwambia watu wao hawawezi kununua kitunguu bila kutoa hotuba. Siku barua ilipotoka, mwalimu mwenzangu mmoja alinipa mkono pale kwenye ngazi, akanivuta karibu, akasema akitabasamu, "Sasa kiti imerudi ku benyewe." Alimaanisha sisi wa Katanga.

Nilichomoa mkono wangu. Nilimwambia kiti kile ni mali ya chuo, kina namba ya chuo chini yake, na yeye aende akafundishe. Lakini nilijua hakuyasema kwangu peke yangu, na kwamba maneno ya namna ile hayachelewi kufika. Yangefika kwa Prof. Na kama ningechukua kazi nyuma ya mgongo wake, kimyakimya, ningekuwa nimeyapigia muhuri mwenyewe. Hicho ndicho nilichokiogopa kuliko uongozi wenyewe: yule mzee aondoke duniani akiamini kwamba binti aliyemlea alimnyang'anya kiti kwa sababu ya kabila.

Kwa hiyo nilikwenda kwake Jumamosi ya kwanza nimejiandaa kusema wazi. Mke wake alinipokea getini na hakulifungua mara moja. Ni mama mfupi, mpole, ambaye kwa miaka mingi aliuza vitenge katika soko la Kenya, ule mtaa wetu wenye watu wengi, na anajua kumkatalia mtu bila kutamka hapana.

"Nilisikia habari yako, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Mungu akusaidie. Lakini nakuomba, usimwambie. Muganga alisema asisikie mambo ya kumuumiza roho. Redio niliitosha inje ya chumba, juu ya vile walisoma jina yako. Ile sakoshi ya kazi, eko analala nayo pembeni. Siku atatoa ile sakoshi, atajua asha kufa."

Ningefanya nini? Kwetu mgonjwa hafichuliwi mambo. Tumekua tukiona wakubwa wakitabasamu kwenye vitanda vya watu ambao nguo zao za kuzikiwa zimekwisha kushonwa. Niliingia, nikamkuta kwenye kiti cha sebuleni, sakoshi yenyewe, ule mkoba wa ngozi, iko miguuni. Aliniuliza shule inaendaje, akitoa neno moja, akipumzika, akitoa lingine.

"Iko muzuri, Prof," nikasema. "Tuko tunakungojea. Kiti yako iko vilevile uliiacha."

"Na résultats?"

"Iko karibu," nikamjibu, ingawa matokeo yalikuwa bado kabatini.

Alinitazama. Jicho la kuume lilikuwa limelegea, lakini la kushoto lilikuwa lilelile lililogundua kamusi sita. Kisha akaniuliza kama mvua imekwisha kunyesha upande wa kwetu. Nilimwambia bado. Niliondoka nikijiona mwema na mpumbavu kwa wakati mmoja.

Jumamosi ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu. Shuleni wote tulikuwa tumekubaliana bila kukubaliana. Walimu walinipa salamu nimpelekee "Doyen", nami nilizipeleka. Sikuingia ofisi yake. Nilifanya kazi katika chumba changu cha mafagio, na watu walionihitaji walikaa kwenye vizingiti vya madirisha ya ukumbi wakingoja zamu, jua la Oktoba likiwachoma migongo. Asubuhi nilikuwa nawafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili jinsi kiongozi anavyofikia uamuzi. Niliandika hatua zote ubaoni, za kwanza mpaka za mwisho, na nilipogeuka kuwatazama niliona aibu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeshindwa kumwambia mzee mmoja sentensi moja.

Waliomaliza masomo walianza kuja ofisini. Mmoja wao nilimfahamu vizuri, mama wa watoto wawili ambaye alikuwa amesoma miaka yote huku akiuza unga pale Kenya. Alikuwa ameahidiwa kazi ya ghala kwenye machimbo ya shaba, njia ya Kinsevere, mradi alete cheti cha kufaulu kabla ya mwezi kwisha. Alikuja mara nne akakaa kwa adabu, akaniuliza, nikamjibu "bado", akaondoka. Mara ya tano hakukaa.

"Mama Doyen," alisema, "mi sina neno na muzee. Tuko tunamuombea ku kanisa. Lakini naomba kuuliza. Ni yeye njo mugonjwa, ao ni siye bote?"

Alingoja jibu kweli. Hakuwa ananidharau, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilimwambia arudi Jumatatu. Alipotoka hasira zilinipanda mpaka masikioni, na kwa kuwa sikuweza kumkasirikia yeye, wala Prof, wala mke wake, nilichukua mkoba wangu nikashuka mjini kwa miguu mpaka kwa mchonga mihuri mwenye kibanda karibu na posta. Nilimwonyesha barua yangu. Hakuuliza chochote isipokuwa kama nataka mpini mfupi au mrefu. Baada ya saa moja alinipa kashe mpya, jina langu na cheo, na zile herufi mbili ndogo mwishoni. Aliijaribu kwenye gazeti kuukuu, ikatoka safi.

Niliiweka ndani ya mkoba, kati ya leso na rozari. Mpango wangu ulikuwa huu: Jumatatu nimwite fundi avunje kufuli la kabati, nipige kashe yangu kwenye orodha, majina yabandikwe, basi. Kabla ya hapo, Jumamosi, ningekwenda kwa Prof kumsalimia. Kumsalimia tu. Nilijiambia kwamba hiyo ni adabu, nikajiamini.

Jumamosi hiyo kulikuwa na joto la kungoja mvua, na maua ya jacaranda yalikuwa yamefunika barabara ya kwao, yakiteleza chini ya viatu. Mke wake alifungua geti, na macho yake yalikuwa mekundu. Ndani nilimkuta Prof amevaa suti. Tangu augue sikuwa nimemwona isipokuwa kwa pajama na koti la sufu. Sasa alikuwa na tai, imefungwa na mkewe, fundo likiwa kubwa mno. Juu ya meza palikuwa na kitambaa cheupe cha wageni, mkoba wa ngozi, kidau cha wino, na karatasi nne.

"Ikala," aliniambia.

Nikakaa. Alizisukuma zile karatasi kwangu kwa ncha za vidole. Herufi zilikuwa kubwa, zimelala huku na huku, mistari ikipanda na kushuka, kama kazi ya mtoto wa darasa la kwanza. Nilidhani ni za mjukuu wake. Kisha nikasoma kichwa cha habari, kwa Kifaransa chake cha siku zote: remise et reprise kati ya Doyen anayetoka na Doyen a.i. anayeingia. Jina langu lilikuwa limeandikwa kamili.

"Mukono ya kushoto," alisema.

Niliinua macho kutoka kwenye karatasi. "Prof, nani alikuambia?"

"Redio."

"Redio niliitosha siku ya kwanza," mkewe akasema, kama anayejitetea polisi.

"Ya jirani," akasema Prof. "Saa sita. Walisoma bantu benye walikufa. Alafu jina yako." Alipumzika. "Mi nilikuwa nangojea. Samedi ya kwanza, haukusema. Ya pili, haukusema. Ya tatu…" Aliinua mkono wa kushoto, akauacha uanguke juu ya goti.

"Ni mimi njo nilimukataza," mkewe akasema.

"Yeye ni muntu mukubwa," Prof akamjibu, bila kuniondolea macho.

Kisha akasema lile nililokuwa nikiliogopa, na alilisema kwa taabu, sehemu sehemu, mpaka nikatamani nimsaidie kulimaliza. "Walikuya kuniambia, kiti imerudi ku benyewe. Mi nilisema, hapana. Ule hawezi. Alafu we ulikuya hapa, ulisema kiti iko inaningojea. Njo nilianza kuwaza."

Nililia. Sikuweza kujizuia na sikujaribu. Wiki tatu nilikuwa nimemficha ili asiumie, na kumbe kule kuficha ndiko kulikompa sababu ya kuamini maneno ya ngazini. Kama ningesema siku ya kwanza, kwa mdomo wangu mwenyewe, yasingekuwa na pa kukaa. Mke wake alinipa kitambaa cha mkononi. Prof aliniacha nilie kiasi alichoona kinatosha, halafu akagonga karatasi kwa kidole.

"Soma."

Nikasoma. Mkewe alisimama nyuma yake kuwa shahidi, mikono ameikunja. Kabati la mbao, milango miwili, mmoja una ufa. Saa ya ukutani, imesimama. Mapazia manne, moja lina tundu. Birika la umeme, linachemsha. Kwa kila kitu aliniuliza, "Uliiona?" nami nikajibu niliiona, kwa kuwa kwa miaka mingi niliingia mle kila siku. Tulipofika kwenye kiti cha magurudumu, ambacho mbele yake alikuwa ameandika "kinalia", aliuliza vingine.

"Uliikalia?"

"Hapana, Prof."

"Basi haujui kama inalia. Andika: bado."

Nikaandika bado. Nilikuwa na machozi usoni na nikacheka, na nadhani upande wa kushoto wa mdomo wake ulicheka pia. Karatasi ya tatu ilikuwa na mstari mmoja usiofanana na mingine. Ulisema kwamba katika droo ya tatu imelala tasnifu ya msaidizi mmoja, tangu mwaka uliopita, haijasomwa, na kwamba kosa ni la Doyen anayetoka. Niliusoma kwa sauti kama mingine. Alikuwa anatazama dirishani. Sikuwahi kumsikia akikiri kosa katika miaka yote niliyomjua, na nilifikiri juu ya wiki tatu za mkono ule wa kushoto, na kwamba hakuna ambaye angejua kama angeuruka mstari huo.

Karatasi ya nne ilikuwa na funguo, na baada ya funguo, mstari wa mwisho: kashe, moja.

Alifungua mkoba mwenyewe. Ilichukua muda na hakutaka kusaidiwa. Aliitoa kashe akaisimamisha juu ya kitambaa cheupe. Mpini wake ulikuwa mweusi kwa jasho la kiganja chake.

"Uko unaiona?"

"Niko naiona."

Akaninyooshea kalamu. "Sinya."

Mkoba wangu ulikuwa mapajani. Niliuhisi ule uzito mdogo wa mbao na mpira kupitia kitambaa cha gauni. Hakuna mtu chumbani aliyejua. Ningeweza kusaini, nikachukua kashe yake, na ile nyingine nikaitupa chooni nilipofika nyumbani. Kila kitu kingekuwa sawa. Orodha ingesema moja, na kabla ya jua kuzama ingekuwa kweli moja. Nilikuwa nimekwisha kuweka ncha ya kalamu kwenye karatasi.

"Prof," nikasema, "hii mustari haiko kweli."

"Namna gani?"

Nilifungua mkoba, nikasogeza leso na rozari, nikaiweka kashe mpya pembeni ya ile ya zamani. Mke wake aliziba mdomo kwa mkono. Nilisema yote, sikupamba: mchonga mihuri wa posta, fundi wa Jumatatu, kufuli. Nilisema kwamba nilikuja kumsalimia hali nimeibeba. Aliichukua, akaigeuza, akaileta karibu na jicho la kushoto, akasoma herufi zake kinyumenyume, moja baada ya nyingine, mpaka zile mbili ndogo za mwisho. Redio ya jirani ilikuwa inaimba.

Kisha akanitoa kalamu mkononi. Alivuta mstari juu ya neno "moja", mstari uliomchukua muda, na juu yake akaandika "mbili". Pembeni akaweka herufi za mwanzo za jina lake, kama alivyotufundisha kufanya kwa kila sahihisho.

"Sasa iko kweli," alisema. "Sinya."

Nikasaini. Naye akasaini, na mkewe chini yetu. Alichukua kashe ya zamani, akaipulizia mara mbili, akaipiga kando ya jina lake. Niliinuka nikidhani tumemaliza. Akanyoosha mkono kwenye ile mpya. Aliileta mdomoni, na pumzi ikatoka upande mmoja tu, nusu ikapotea hewani, akapuliza tena. Mkewe aliinama kushika karatasi isisogee, naye Prof akausogeza mkono wa mkewe kando taratibu. Akaikandamiza kando ya jina langu kwa mkono wa kushoto, macho amefumba. Alipoinua, alama ilikuwa imelala upande, na herufi za mwisho za jina langu hazikutokea.

Jumatatu, kabla ya saa nne, majina yalikuwa kwenye valves. Kutoka juu nilisikia kelele za waliofaulu wakimwagiana poda vichwani kwa furaha, kama ilivyo desturi yetu, na mchana yule mama wa unga alichukua cheti chake, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, yote miwili myeupe kwa poda. Wiki hiyohiyo nilifungua droo ya tatu nikaanza kusoma tasnifu. Nimekuwa kaimu mpaka sasa, maana kwetu kinachoitwa cha muda hukaa. Jumamosi bado naenda kwa Prof, na namwambia yote, hata yale ambayo angependa asiyasikie.

Zile karatasi nne nilizipeleka kwa katibu mkuu. Baada ya siku chache alinirudishia na kijibarua juu yake: mwandiko hausomeki vizuri, kuna neno limekatwa, kashe imepinda na jina halijakamilika, tafadhali yafanyike upya kwa kompyuta, hata na mtu mwingine yeyote wa ofisi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha magurudumu, na kwa kweli kinalia. Niligeuza kijibarua chake, nikaandika nyuma yake: hayatafanywa upya, kila kilichoandikwa humo nimekiona kwa macho yangu. Nikasaini, nikaipulizia kashe mara mbili, nikampelekea.